Mwanga wa Studio ya Picha kwa Mtaji Mdogo: Kagua kabla ya Kuvuka Ziwa

Mvuvi wa dagaa katika Kisiwa cha Goziba hana haja ya kufundishwa kwamba mwanga ni mtaji. Usiku wa giza huwasha taa zake juu ya maji, dagaa hukusanyika chini ya mwanga, na wavu hufanya kazi yake. Mwezi unapokuwa mpevu kazi hupungua, kwa kuwa ziwa zima lina mwanga na taa yake haivuti tena kitu. Zamani taa hizo zilikuwa karabai. Leo nyingi ni taa za LED zinazotumia betri. Somo hili linamhusu mtu mwingine wa kisiwa hicho hicho ambaye riziki yake itategemea taa: mpiga picha anayetaka kufungua studio ndogo kwa akiba yake, ili apige picha za pasipoti saizi za wanafunzi, picha za familia na za wachumba, na picha za wavuvi wanaotaka kutuma sura zao nyumbani baada ya msimu mzuri.

Tumeichagua Goziba kwa makusudi. Kisiwa hiki cha Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, kiko mbali na nchi kavu, na bidhaa za umeme hufika kwa boti kutoka miji iliyo kandokando ya ziwa kama Bukoba na Mwanza. Mlaji wa Bukoba mjini akiuziwa taa mbovu asubuhi, mchana anaweza kusimama tena mbele ya muuzaji. Mlaji wa Goziba atalipa nauli ya kwenda na kurudi, atalala mjini, atapoteza siku za kazi, na mara nyingi gharama hiyo itapita thamani ya taa yenyewe. Muuzaji asiye mwaminifu analijua hilo vizuri kuliko mnunuzi. Kwa hiyo haki ya kurudisha bidhaa, ijapokuwa ipo kisheria, kwa mkazi wa kisiwani ni haki ghali. Ukaguzi unaofanyika dukani ndio wa bei nafuu.

Mwanga usiouzwa

Kabla ya kununua chochote, tumia wiki moja kujifunza kutumia dirisha. Miaka ya 1990 wapiga picha waliokuwa karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, walijulikana kwa vibanda vyao vya vitambaa na mandhari zilizochorwa kwa rangi kali, na wateja waliokuwa wakivuka maji walisimama wapigwe picha. Mteja hakuuliza taa ziko ngapi. Alilipa kwa sababu aliipenda sura yake katika picha.

Goziba iko kusini kidogo mwa ikweta, na jambo hilo lina faida. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini wa kisiwa; miezi iliyobaki hupita kusini. Dirisha linalotazama kusini litakupa mwanga mtulivu, usio na miale ya jua ya moja kwa moja, katika kipindi cha kwanza. Linalotazama kaskazini litakufaa katika kipindi cha pili. Dirisha la mashariki au la magharibi hupigwa na jua kila siku, asubuhi au jioni, na litahitaji pazia jeupe jepesi. Ikiwa unapanga chumba, uliza kwanza dirisha linaelekea wapi, ndipo uulize kodi.

Angalia pia rangi ya vitu vilivyo ndani ya chumba. Mwanga unaogonga turubai la bluu huingia na ubluu wake. Ukuta wa kijani huacha ukijani shavuni mwa mteja, na hakuna taa ya bei yoyote itakayouondoa. Paka chokaa nyeupe. Hiyo ndiyo fedha ya kwanza tunayoshauri itumike, na ni ndogo kuliko zote.

Mketishe mtu mita moja kutoka dirishani, ubavu wake mmoja ukielekea mwanga. Utaona upande wa pili wa uso umeingia kizani. Sasa weka upande huo kitu cheupe: shuka lililokunjuliwa, ubao uliopakwa chokaa, au yale mabamba meupe mepesi yanayokuja ndani ya boksi la televisheni. Kisogeze karibu, kisha kirudishe mbali, ukitazama uso na si kamera. Mwanga uliorudishwa na kitu hicho ni taa yako ya pili. Haitumii betri, haiungui, na haihitaji waranti.

Kuhusu ngozi nyeusi kuna jambo moja ambalo vijitabu vingi vilivyoandikwa kwingine havilisemi. Kamera ikiona mandhari nyeupe nyuma ya mtu mweusi, hudhani picha yote ina mwanga mwingi, hivyo huipunguza. Mandhari hutoka ya kijivu na uso hutoka kama kivuli. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo ili kamera ipime hapo, kisha ongeza mwanga kidogo kwa mkono. Wateja wengi wanaolalamika kwamba "taa ya studio ni mbaya" wanalalamikia kosa hili, na wapiga picha wengi wamenunua taa ya pili kwa sababu yake bila sababu.

Taa inaponunuliwa

Dirisha halifanyi kazi usiku, na kisiwa cha wavuvi kina wateja wanaopatikana saa zisizo za kawaida. Kwa hiyo siku moja taa itanunuliwa. Moja yafaa itangulie. Ya pili isubiri mpaka ya kwanza ijilipe.

Ukubwa wa eneo linalotoa mwanga ndio unaoufanya mwanga uwe mpole au mkali. Balbu tupu, hata iwe na nguvu kiasi gani, huchora kivuli kikali chini ya pua na kuufanya uso wenye jasho ung'ae vibaya. Balbu hiyo hiyo ikiwekwa nyuma ya shuka jeupe lililotandikwa kwenye fremu ya mbao hugeuka kuwa dirisha. Tumia taa za LED kwa kazi hiyo, na shuka likae mbali na balbu. Zile taa za zamani za halojeni zinazouzwa kwa bei ya kutupa hupata joto la kuchoma kitambaa, na katika chumba cha mbao na mabati moto hauhitaji dakika nyingi. Umbali nao una hesabu yake: taa ndogo ikisogezwa kutoka mita moja hadi mita mbili, mwanga unaomfikia mteja haupungui nusu tu, bali hubaki robo. Anayelalamika kwamba taa yake ni dhaifu na aisogeze kwanza.

Sasa tuje kwenye boksi, mahali ambapo walaji wengi hupotezea fedha. Mwandishi wa somo hili, katika mwaka wake wa kwanza wa ajira, alinunua katika duka moja taa iliyoandikwa wati 1,000. Ilikuwa nyepesi kuliko kitabu cha kiada, na waya wake ulikuwa mwembamba kama wa chaja ya simu. Alisoma maandishi ya adapta siku tatu baadaye: volti 12, ampia 2. Ukizidisha namba hizo mbili unapata wati 24, na hakuna taa inayoweza kutumia nguvu ambayo adapta yake haiwezi kuitoa. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuwalinda wengine dhidi ya udanganyifu wa namna hiyo, siku tatu ni muda mrefu.

Basi usisome boksi, soma adapta. Zidisha volti kwa ampia. Taa ya duara inayochomekwa kwenye tundu la USB la volti 5 na ampia 2 haiwezi kuzidi wati 10, hata kama boksi lake limeandikwa 60. Wati 10 za LED nzuri zinatosha uso mmoja kwa karibu. Hazitoshi familia ya watu sita. Fahamu pia kwamba wati ni kipimo cha umeme unaoliwa, si cha mwanga unaotoka. Mwanga hupimwa kwa lumeni, na taa ya LED ya kawaida iliyo bora hutoa takriban lumeni 80 hadi 100, wakati mwingine zaidi, kwa kila wati. Boksi linalodai wati 10 na lumeni 5,000 limejihukumu lenyewe.

Namba nyingine mbili zinastahili kutafutwa. Ya kwanza huandikwa CRI au Ra, nayo hueleza jinsi taa inavyozionyesha rangi kwa uaminifu ikilinganishwa na mwanga wa asili. Kwa picha za watu tafuta 90 au zaidi. Ya pili huishia na herufi K na hueleza rangi ya mwanga wenyewe: 2,700 hadi 3,000 ni mwanga wa manjano kama wa balbu ya zamani, na 5,500 hukaribia mwanga wa mchana. Ukichanganya taa ya manjano na dirisha, nusu ya uso itakuwa rangi moja na nusu nyingine rangi ya pili, na programu ya simu haitaweza kuzipatanisha.

Hapa inafaa tujibu swali ambalo mkazi wa mwaloni atauliza: kwa nini asitumie taa za LED za kuvulia dagaa, ambazo tayari ziko kisiwani pamoja na betri zake? Anaweza kujaribu, na ajaribu kabla ya kununua nyingine. Lakini taa hizo zilitengenezwa ili zionekane majini, si ili zionyeshe rangi ya ngozi, na nyingi zina weupe unaoelekea ubluu unaomfanya mtu mwenye afya aonekane mgonjwa. Kipimo chake ni rahisi na hutumika kwa taa yoyote. Chukua kanga yenye nyekundu iliyokolea, nyanya mbivu na kiganja chako. Vipige picha kando ya dirisha mchana, kisha chini ya taa. Nyekundu ikigeuka kuwa ya kahawia na kiganja kikawa cha kijivu, taa hiyo ibaki kwenye mtumbwi.

Jaribio la mwisho hufanyika kwa simu, palepale dukani. Elekeza kamera kwenye taa iliyowashwa, na kama simu yako inakuruhusu kuchagua kasi, weka ya juu. Mistari myeusi ikitambaa juu ya kioo, taa hiyo inapepesa kwa kasi ambayo jicho haliioni lakini kamera inaiona, na mistari hiyo itaonekana katika picha na hasa katika video. Mwombe muuzaji aiwashe kwa dakika 15 mfululizo kwa mwanga wa juu kabisa. Taa nyingi dhaifu hufa au hufifia zikipata joto. Muuzaji anayekataa kuiwasha taa kwa dakika 15 amekwishakueleza jambo la maana kuhusu taa hiyo.

Betri na paneli

Kisiwani, bei ya taa ni nusu tu ya hesabu. Tuchukue taa mbili za wati 30 zinazowaka saa 3 kwa siku: 30 mara 2 mara 3, yaani watisaa 180. Betri ya asidi ya volti 12 iliyoandikwa ampiasaa 50 huhifadhi watisaa 600, lakini ikiishiwa kabisa mara kwa mara hufa mapema, kwa hiyo ihesabu kama 300. Inatosha, na inabaki akiba ya kuchaji simu. Ukipitisha umeme huo kwenye inveta sehemu yake hupotea njiani, na baadhi ya inveta za bei ndogo hufanya taa zipepese; ndiyo maana taa inayotumia volti 12 moja kwa moja ni chaguo bora kwa asiye na umeme wa uhakika, hata ikiwa bei yake imezidi kidogo.

Paneli ya wati 100 ikipata saa 4 za jua zuri hutoa takriban watisaa 300 baada ya upotevu wa kawaida. Katika mvua za masika na za vuli, ambazo Kagera inazipata kwa wingi, tarajia pungufu. Paneli bandia hutambulika kwa rula. Paneli nzuri za leo hutoa takriban wati 200 kwa kila mita mraba, hivyo paneli ya wati 100 inahitaji karibu nusu mita mraba, mathalani urefu wa mita moja na upana wa nusu mita. Ukioneshwa paneli yenye ukubwa wa sinia huku nyuma imeandikwa wati 150, hakuna haja ya fundi wala maabara. Vivyo hivyo kwa zile betri ndogo za mviringo zenye namba 18650 zinazowekwa ndani ya taa za kuchaji: zilizo bora kabisa hufikia karibu milliampiasaa 3,500. Iliyoandikwa 9,900 imeandikwa uongo.

Mnunuzi mwenye fedha kidogo ndiye anayeumizwa zaidi na bei ndogo. Tuseme taa moja ni shilingi 20,000 na hufa kila baada ya miezi 3, na nyingine ni shilingi 60,000 na hudumu miaka 2. Katika miaka hiyo 2 ya kwanza itanunuliwa mara 8, yaani shilingi 160,000, na kila mara kuna nauli ya boti au fadhila ya mtu wa kutumwa. Bei hizi ni za mfano tu. Zipime za duka lako kwa njia hiyo hiyo.

Unapomtuma mtu

Mara nyingi mlaji wa Goziba hanunui mwenyewe, bali humwagiza ndugu, jirani au mhudumu wa boti. Maagizo ya mdomo ya "niletee taa ya studio" ndiyo mlango wa hasara. Andika kwenye karatasi: LED, volti 12, wati kamili kwa hesabu ya adapta, CRI 90 au zaidi, iwashwe dakika 15. Mwombe apige picha ya boksi, ya adapta na ya taa ikiwaka, akutumie kabla hajalipa. Fedha ilipwe muuzaji kwa njia inayoacha kumbukumbu.

Dai risiti ya EFD yenye maelezo ya bidhaa, si neno "vifaa" peke yake. Risiti ikisema "taa LED W 60" nawe ukapata ya wati 24, una ushahidi; ikisema "vifaa", unayo karatasi tu. Waranti iandikwe: muda wake, jina la duka, na nani atalipa usafiri bidhaa ikirudi. Hili la usafiri husahauliwa, na kwa mtu wa kisiwani ndilo lenye uzito. Baadhi ya wauzaji watakubali kuliandika wakiombwa kabla ya kupokea fedha, na karibu hakuna atakayekubali baadaye.

Maduka mengi huchapa kwenye risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo yasikutishe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Muuzaji hana wajibu wa kukurudishia fedha kwa sababu umebadili mawazo kuhusu rangi ya stendi. Ana wajibu ikiwa wati 60 zimegeuka kuwa 24.

Taa ikiharibika, usiifungue wala usimpe fundi kabla ya kuwasiliana na muuzaji, kwa kuwa muhuri uliokatwa ni kisingizio cha kwanza. Ipige picha, tuma ujumbe wa maandishi unaotaja tarehe, namba ya risiti na unachodai, yaani kubadilishiwa, kutengenezewa au kurudishiwa fedha, kisha mpe muda unaotajwa kwa siku. Asipojibu, lalamiko la udanganyifu au bidhaa bandia lipelekwe Tume ya Ushindani. La bidhaa isiyo na ubora au ya hatari lipelekwe Shirika la Viwango Tanzania. Ambatisha nakala, na karatasi halisi ubaki nazo.

Kuhusu usalama tutasema machache kwa kuwa yanajulikana, ingawa hayafuatwi. Jenereta isiwashwe ndani ya chumba wala chini ya dirisha la studio, kwani moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Waya usipitishwe juu ya ukingo mkali wa bati bila bomba la kuukinga. Betri ya asidi ikae mahali penye hewa, mbali na watoto na mbali na kibiriti. Stendi ifungiwe mfuko wa mchanga miguuni. Mchanga wa ziwa ni bure, na upepo wa mchana hauchagui mlango. Kazi ya kuunganisha umeme wa nyumba ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, naye akuoneshe leseni hiyo kabla hajaanza kutoboa ukuta.

Wiki ya kwanza taa ikifika, iwashe kila siku kwa saa zilizokusudiwa, hata bila mteja, na uandike kwenye daftari siku na saa. Kasoro nyingi hujitokeza mapema, wakati muuzaji bado anakukumbuka. Risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi ambayo maandishi yake hufifia kwa joto, kwa hiyo ipige picha siku hiyo hiyo. Boksi lisitupwe mpaka waranti iishe. Likunje, uliweke pamoja na risiti katika ndoo yenye kifuniko, mahali ambapo mvua inayopita kwenye matundu ya misumari ya bati haitafika.